Sukari na Protini: Kemia ya Ganda la Mkate Ndani ya Mwili wa Binadamu

Mkate unapookwa, ganda lake hugeuka rangi ya hudhurungi na kutoa harufu nzuri, ilhali ndani hubaki mweupe. Watu wengi hudhani ganda hilo ni unga ulioungua tu. Kwa hakika rangi hiyo hutokana na kuungana kwa sukari na protini, jambo lililoelezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard. Hata leo mmenyuko huo, yaani badiliko hilo la kikemikali, huitwa kwa jina lake. Nyama ya kuchoma na buni zilizokaangwa hupata rangi kwa njia hiyo hiyo. Wanafunzi wasiuchanganye na kuungua kwa sukari peke yake katika sufuria kavu. Huko protini haihitajiki.

Kwa miaka mingi mmenyuko wa Maillard ulihesabiwa kuwa shughuli ya wataalamu wa chakula. Mwaka 1968 Samuel Rahbar, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tehran, alipokuwa akichunguza himoglobini za wagonjwa, aliona kwamba wenye ugonjwa wa kisukari walikuwa na kiasi kikubwa cha himoglobini ya namna ya pekee. Baadaye ilithibitika kuwa hiyo ni himoglobini ya kawaida iliyogandwa na glukosi. Maana yake ni kwamba kinachotokea kwa dakika chache katika tanuri hutokea pia mwilini, kwa joto la nyuzi 37, ila polepole mno.

Damu ya mtu mwenye afya ina glukosi gramu 1 hivi katika kila lita, yaani mwili mzima una kiasi cha kijiko kimoja cha chai tu. Karibu molekuli zote za glukosi hiyo zimejikunja kama pete, na katika umbo hilo hazina madhara. Chache sana hufunguka, na ncha iliyo wazi hushika kikundi cha amino katika protini. Hakuna kimeng'enya kinachohusika. Ni suala la kukutana tu. Mwanzoni muungano huo ni dhaifu na huweza kuachana baada ya saa chache. Usipoachana, atomu zake hujipanga upya kwa namna iliyo imara zaidi. Kisha, kwa muda wa majuma, miezi, hata miaka, hupitia mabadiliko mengine mengi, na mwisho huzaa misombo isiyoweza kurudi nyuma tena. Misombo hiyo ndiyo wataalamu waitayo mazao ya mwisho ya glaikesheni.

Msomaji atauliza: ikiwa sukari imo katika damu siku zote, mbona protini zote haziharibiki? Jibu ni umri wa protini. Nyingi huvunjwa na kutengenezwa upya baada ya siku chache, kabla mmenyuko haujafika mbali. Lakini zipo zisizobadilishwa. Protini za kiini cha lenzi ya jicho hutengenezwa kabla mtoto hajazaliwa, nazo humtumikia mpaka kufa kwake. Kolajeni ya ngozi huchukua miaka 15 hivi nusu yake kubadilishwa; ile ya gegedu za viungo huchukua zaidi ya miaka 100. Hapo ndipo mazao hayo hujilimbikiza. Mwaka 1981 Vincent Monnier na Anthony Cerami, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walitoa hoja kwamba limbikizo hilo ni mojawapo ya njia za kuzeeka.

Baadhi ya misombo hiyo, hasa ule uitwao glukosepeni, hufunga uzi mmoja wa kolajeni na mwingine. Mshipa wa ateri uliokuwa ukitanuka na kunywea kwa kila pigo la moyo hukakamaa. Lenzi hupata rangi ya manjano. Mwaka 1992 ilitangazwa pia kwamba kuta za mishipa zina kipokezi kinachoishika misombo hiyo, nacho kikishaamshwa huchochea uvimbe usiokwisha. Kwa mwenye kisukari mambo haya huja mapema, na viungo vinavyoumia kwanza ni macho, figo na neva za miguu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, kwa wagonjwa 1,441, ulionyesha kwamba kuishusha sukari karibu na kiwango cha kawaida kulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya kuanza kwa ugonjwa wa retina.

Ugunduzi wa Rahbar umekuwa kipimo cha kila siku hospitalini. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kiasi cha himoglobini iliyogandwa na sukari huonyesha hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani hukubali asilimia 6.5 kuwa dalili ya kisukari. Kwa Afrika Mashariki lipo jambo la kuangaliwa sana. Katika ugonjwa wa selimundu, ulioenea kando ya Ziwa Victoria na pwani, chembe hufa mapema kabla ya kugandwa vya kutosha. Kipimo huweza kusema uongo kwamba sukari ni ya kawaida. Kwa mgonjwa wa namna hiyo hupimwa glukosi yenyewe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uzee wote ni sukari. Ndege wana glukosi mara mbili ya ile ya wanyama wa ukubwa wao au zaidi, na bado kasuku huishi miaka mingi kuliko panya kwa mbali. Wauzao marashi ya kurudisha ujana hawakitaji kitendawili hicho.

Dawa pia hazijapatikana. Aminoguanidini, iliyotangazwa 1986 kuwa huzuia mmenyuko huu, haikufika madukani. Mwaka 2015 wakemia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifaulu kuitengeneza glukosepeni katika maabara, na sasa watafiti wanaweza kuitumia kupima kama kipo kimeng'enya cha kuikata.