Kari ni Nini?

Katika maduka ya Mbinga huuzwa unga wa manjano uliofungwa katika mikebe na vifuko vidogo. Wengi hudhani ya kuwa unga huo ndio kari, na ya kuwa mpishi akiisha kuutia chunguni kazi yake imekwisha. Sivyo hata kidogo. Kari si unga, wala si kiungo kimoja. Kari ni mchuzi wenyewe.

Neno hili asili yake ni Kitamil, lugha ya watu wa kusini mwa Bara Hindi. Wareno, ambao merikebu zao zilifika huko mwaka 1498, walilisikia, na baadaye Waingereza wakalitumia kwa michuzi mingi ambayo Wahindi wenyewe huiita kwa majina mbalimbali. Mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha London kitabu cha mapishi chenye maelezo ya mchuzi wa namna hii. Kisha wafanya biashara wakachanganya viungo na kuuza unga ulio tayari, ili mpishi wa Ulaya asisumbuke kusaga. Lakini katika nyumba ya Mhindi viungo vya samaki si viungo vya nyama, wala si vya dengu. Huko Punjab hupenda samli na maziwa ya mgando. Huko Bengal samaki hupikwa kwa mafuta ya haradali. Kusini hutia nazi na ukwaju. Hata pilipili kali, ambayo mtu angeapa kuwa ni ya Wahindi tangu zamani, asili yake ni Amerika, nayo ililetwa na Wareno.

Sasa angalieni jambo lililo kubwa kuliko yote. Harufu ya viungo imo katika mafuta yake, na mafuta hayachanganyiki na maji. Basi atiaye bizari katika maji yanayochemka hupata rangi nzuri na ladha ya vumbi. Mbasa aliyepandishwa kutoka Mbamba Bay mpaka huku Mapera amegharimu fedha. Kumharibu kwa sababu ya haraka ya dakika tano ni hasara ya nyumba nzima.

Mhindi huanza kwa kukaanga vitunguu polepole mpaka viwe vyekundu. Hutia tangawizi na kitunguu saumu, kisha giligilani, jira na manjano zilizosagwa, akikoroga bila kuondoka, maana unga huungua upesi na kuwa mchungu. Nyanya hufuata. Mafuta yakijitenga na kuonekana kandokando ya sufuria, ndipo maji hutiwa, si kabla.

Watu wa Thailand, nchi iliyoitwa Siam zamani, hushika njia nyingine. Wao hutwanga viungo vibichi katika kinu cha jiwe: pilipili, vitunguu, kitunguu saumu, uduvi uliochachushwa, na mchaichai, yaani majani yale yale ambayo sisi huyachemsha katika chai. Pilipili mbichi za kijani hufanya mchuzi wa kijani. Zile nyekundu zilizokaushwa hufanya mwekundu. Kisha huchemsha tui zito mpaka litoe mafuta, na katika mafuta hayo hukaanga viungo vilivyotwangwa. Kinu chao ni kingine, lakini kanuni ni ile ile ya Mhindi.

Minazi haistawi katika baridi ya milima ya Umatengo. Lakini karanga tunazo, na hata Wathai wana mchuzi mmoja mashuhuri wenye karanga ndani yake. Kaangeni viungo kwanza kama mlivyosoma, mimineni karanga zilizosagwa na kukorogwa katika maji ya vuguvugu, na koroga isiache mpaka mchuzi uwe mzito. Samaki atiwe mwisho. Akiisha kutiwa, wekeni mwiko kando. Tikiseni sufuria tu, asije akavunjika.