Kumpokea Mtoto Mchanga Rujewa: Kutoka Saa ya Kwanza Hadi Siku ya 42

Mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida huruhusiwa mapema. Mkunga anabaki wodini. Nyumbani mama huyo anawakuta mama mkwe, wifi, shangazi na baba wa mtoto. Mwongozo huu ni wenu, kwa sababu siku hizi za mwanzo neno lenu ndilo linalofuatwa.

1. Jiandaeni mapema. Fungeni begi: khanga safi za kumkaushia na kumfunikia mtoto, kofia, soksi, pedi, nguo za mama na kadi ya kliniki. Mnaokaa ndani ya bonde la Usangu, ambako mvua hukata njia, mleteni mama kwa ndugu wa Rujewa siku zikikaribia. Dharura ikitokea, pigeni 115 bila malipo. Ni namba ya mfumo wa m-mama wa kumsafirisha mjamzito, mzazi au mtoto mchanga.

2. Saa ya kwanza waachieni mama na mtoto. Mtoto akishakaushwa, alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kama wote wako salama, mkunga husubiri dakika 1 hadi 3 ndipo akate kitovu, ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mtoto na kumwongezea madini ya chuma. Anyonye ndani ya saa hiyo. Maziwa ya kwanza, mazito ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa: yamejaa kinga. Picha na simu za pongezi zitasubiri.

3. Msiharakishe kutoka kituoni. Kaeni angalau saa 24, maana hatari ya mama kuvuja damu ni kubwa zaidi muda huo. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa hizo kupita. Ulizeni kama amepata BCG begani na matone ya polio.

4. Joto na chandarua. Juni na Julai usiku una baridi: mvalisheni kofia, alale na mama. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hewa yake ya sumu inaua. Majaruba ya mpunga yanazalisha mbu, hivyo chandarua chenye dawa kitumike hata mtoto anapolala mchana.

5. Kitovu kiachwe kikavu. Msipake samli, majivu, mate wala mavi ya ng'ombe. Nepi ifungwe chini yake. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, hata kama wewe ni bibi yake.

6. Mtoto anyonye, mama ale. Kwa miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Maji ya sukari na dawa za tumbo za dukani hazihitajiki. Mama ale mlo kamili: uji, wali, maharage, mboga za majani, samaki, na anywe maji ya kutosha. Anayemkanda atumie maji ya uvuguvugu, asimkandamize tumbo. Msimu wa kuvuna ukimkuta na kichanga, zamu yake shambani ichukuliwe na mwingine.

7. Dalili za kukimbilia kituoni. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea, mwili wa moto au wa baridi, viganja au nyayo za njano, kitovu chekundu au chenye usaha. Kwa mama: damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au kuona ukungu. Msisubiri kupambazuke.

8. Kliniki na cheti. Mrudisheni mama na mtoto ndani ya wiki ya kwanza, kisha siku ya 42, wakati chanjo za wiki ya 6 nazo zimefika. Mkoa wetu wa Mbeya ulianza mwaka 2013 mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hutolewa bure. Baba, kazi hii ichukue wewe: nenda na tangazo la kizazi na jina mlilokubaliana, urudi na cheti.