Akiba ya Mchuzi: Somo la Jikoni



Methali yetu yasema kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ni kweli kwa fedha, kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri, na kwa elimu. Kwa mchuzi wa nyama si kweli hata kidogo. Mchuzi ni akiba iozayo, tena upesi, na mtu aiwekaye bila maarifa aweza kuwapa watoto wake maradhi badala ya chakula. Hata hivyo mchuzi huohuo, ukitunzwa kwa akili, waweza kuwalisha watu wa nyumba moja siku mbili au tatu kwa nyama ambayo ingeliwa mara moja tu. Mambo haya mawili, faida na hatari, ndiyo somo langu la muhula huu.

Mimi nafundisha sayansi kimu, yaani maarifa ya nyumbani. Naandika hasa kwa ajili ya wanafunzi wa kutwa wanaopika kila jioni kwao Musoma mjini, na wale wa bweni watakaorudi Bunda na Butiama wakati wa likizo na kukabidhiwa jiko. Wavulana nao wasiuruke ukurasa huu. Njaa haibagui mvulana na msichana, na jiko nalo lisibague.

KIPORO SI MAKOMBO

Kwanza yafaa tutofautishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Makombo ni masazo ya sahani, yaani chakula kilichokwisha kuguswa na mkono au kijiko cha mlaji. Kiporo ni chakula kilichobaki chunguni bila kuguswa na mtu, kikawekwa kwa ajili ya baadaye. Makombo hayawekwi, maana mikono na vinywa vya walaji vimekwisha kuyatia vijidudu. Kiporo ndicho kinachoweza kuwekwa, kwa masharti nitakayoyataja.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: tenga kabla ya kupakua. Mpishi mwenye maarifa hangoji kuona kitakachobaki. Mchuzi unapoiva, huchukua upawa safi, akaondoa fungu la chakula kijacho na kulitia katika chombo safi chenye kifuniko. Ndipo hupeleka chungu mbele ya watu. Mchuzi uliotengwa hivyo haujaguswa na mtu, na tena kiasi chake kinajulikana. Mchuzi ungojao kubakizwa aghalabu haubaki, na ukibaki huwa ni maji na mfupa.

HESABU YA KILO MOJA

Mkoa wetu wa Mara ni mkoa wa ng'ombe, na pia ni mkoa wa ziwa. Lakini wingi wa ng'ombe malishoni si wingi wa nyama chunguni. Nyumba nyingi nizijuazo hununua nyama mara moja kwa juma, na siku nyingine hula dagaa, maharage au mboga za majani. Kwa hiyo siku ya nyama ni siku ya kufanya hesabu.

Tuchukue nyumba ya watu sita na kilo 1 ya nyama isiyo na mifupa. Ikiliwa yote mara moja, kila mtu hupata gramu 166 hivi, na kesho hakuna kitu. Ikigawanywa mafungu matatu, kila fungu lina gramu 330 hivi, yaani gramu 55 kwa kila mtu. Utasema kwamba kiasi hicho ni kidogo mno. Ni kidogo kama nyama ndiyo chakula chenyewe. Si kidogo kama nyama ni mshirika wa chakula kingine.

Tazama hesabu ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika nyama mbichi ya ng'ombe, protini ni kadiri ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Katika maharage makavu ni zaidi kidogo ya hapo. Basi gramu 330 za nyama hutoa gramu 66 hivi za protini, na nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya gramu 100. Ukiyaunganisha katika chungu kimoja, maharage ndiyo yaletayo protini nyingi zaidi.

Je, nyama basi ina kazi gani? Inatia utamu, na tena ina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Maharage na mboga za majani vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini mwili huyachukua kwa shida madini ya chuma yatokayo katika mimea. Nyama kidogo ikiliwa pamoja nayo huurahisishia mwili kazi hiyo. Limau au ndimu ikikamuliwa juu ya chakula husaidia kadhalika, kwa sababu ya vitamini C. Jambo hili linawahusu hasa wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi, na watoto wadogo wanaokua.

Maarifa ya namna hii si mageni katika nchi yetu. Katika miaka ambayo Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa Rais, zilifanywa kampeni kubwa mbili za elimu kwa njia ya redio: Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya usafi na lishe. Sisi tulio na vitabu na walimu hatuna udhuru wa kujua kidogo kuliko wao.

HATARI YENYEWE

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo naomba isomwe mara mbili. Mchuzi wa nyama una maji, chumvi kidogo na protini nyingi. Basi vijidudu viitwavyo bakteria huupenda kama sisi tuupendavyo. Huongezeka upesi sana mchuzi uwapo vuguvugu, hasa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumbani kwa zaidi ya muda wa saa 2. Mtu asidhani nasema saa mbili za usiku. Nasema muda, tangu chungu kuepuliwa.

Wengine watajibu: “Tutauchemsha tena.” Kuchemsha ni lazima, lakini hakutoshi. Shirika hilo hilo linaagiza kwamba kiporo kipashwe moto mpaka kifike nyuzi 70 au zaidi. Ziwa letu liko kadiri ya mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Musoma huchemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Bunda na Butiama, zilizo juu kidogo ya ziwa, huchemka chini kidogo ya hapo. Joto hilo lapita nyuzi 70 kwa mbali, nalo huua bakteria walio hai. Lakini kuna mambo mawili lisiyoyaweza. Bakteria wengine hujifunga katika ganda gumu liitwalo spora, wakavumilia mchemko, na chungu kikipoa polepole huamka na kuzaana. Wengine huacha ndani ya chakula sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Basi mchuzi uliokwisha kuharibika hauponi kwa kuchemshwa. Hufa bakteria, sumu ikabaki.

Tena usitegemee pua. Mchuzi waweza kuwa na harufu nzuri na bado ukawatapisha watu wote wa nyumba. Saa ndiyo shahidi wa kuaminika.

NYUMBA YENYE FRIJI

Mahali penye umeme kazi ni nyepesi. Tia fungu lililotengwa katika vyombo vipana visivyo na kina, maana mchuzi mwembamba hupoa upesi kuliko mchuzi wa chungu kirefu. Simamisha vyombo hivyo ndani ya beseni la maji baridi, ukikoroga kwa kijiko safi na kubadili maji yakipata moto. Kabla ya muda wa saa 2 kwisha, funika na uweke katika friji, ambayo ndani yake pasizidi nyuzi 5. Mchuzi huo utumike katika siku 3. Toa fungu la siku moja tu, lichemshe hata lichemke kote, wala usirudishe mabaki yake.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji. Ukikatika zaidi ya muda wa saa 4, mchuzi uliomo usiliwe.

NYUMBA ISIYO NA FRIJI

Hapa sheria ni moja: mchuzi usilale. Desturi ya kuuchemsha usiku na kuuacha jikoni mpaka asubuhi haiondoi hatari ya zile spora. Mtungi wa maji hupoza maji ya kunywa, lakini haufiki nyuzi 5. Hotpoti nalo, likikaa usiku kucha, huushikilia mchuzi katika uvuguvugu uleule unaopendwa na bakteria.

Lakini nyumba hiyo nayo yaweza kupata milo miwili kwa nyama ya mmoja, kwa kuupitisha mchuzi kutoka chungu hata chungu ukiwa wa moto. Loweka maharage usiku. Yakilowekwa huiva upesi na kuokoa kuni. Asubuhi yabandike. Nyama iive kwa chakula cha mchana, saa 8. Fungu lililotengwa limiminwe palepale katika maharage yaliyolainika, na chungu kikae juu ya makaa, mvuke ukitoka muda wote, mpaka chakula cha jioni saa 12. Moto ukizimika na chungu kikawa vuguvugu kupita muda wa saa 2, usikihesabu tena kuwa chakula. Kama makaa hayatoshi, afadhali ununue nusu kilo leo na nusu kilo siku nyingine kuliko kilo nzima ya kutupa.

VYAKULA VITATU VYA JIONI

Pika mchuzi wa kwanza kwa vitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Nasema kidogo kwa sababu kila uchemkapo tena maji hupungua na chumvi huzidi. Kata nyama vipande vidogo, ili kila sahani ipate. Mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi uliotoka katika friji yasitupwe. Yatakaanga kitunguu cha chakula cha pili.

Cha kwanza ni maharage ya mchuzi. Chemsha nusu kilo ya maharage mpaka yalainike kabisa, ndipo utie mchuzi. Usitie mapema: uchachu wa nyanya huyazuia maharage kulainika, ukachoma mkaa bure. Ponda kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maharage ili mchuzi uwe mzito. Huliwa kwa ugali wa mtama au wa muhogo. Mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa yakiongezwa, una kande, wala huhitaji ugali.

Cha pili ni ndizi au viazi. Menya ndizi mbichi zitokazo Tarime, au viazi vitamu, ukate vipande. Kaanga kitunguu, tia vipande, mimina mchuzi na maji ya kufunika, pika mpaka vilainike. Chakula hiki hujitosheleza. Ajabu ni kwamba watu wa mbali walifikia wazo hilohilo: Waingereza walizoea kuikata nyama iliyobaki Jumapili, kuifunika kwa viazi mviringo vilivyopondwa, na kuioka.

Cha tatu ni mboga za majani, wakati fungu la mwisho limebaki dogo. Chambua mchicha, kunde au sukuma wiki, osha, kata. Chemsha mchuzi kwanza hata upungue na kuwa mzito, kisha tia majani na kuyageuza mpaka yalegee, yasipoteze rangi. Epua, kamua ndimu, ule kwa ugali. Hapa nyama huonekana kwa shida, lakini kila tonge lina ladha yake, na madini ya chuma ya majani hayapotei bure.

Angalieni kwamba katika vyakula vyote vitatu kanuni ni ileile: kitu kinachoshibisha kiive kwanza au kiive ndani ya mchuzi, na mchuzi wenyewe uchemke sawasawa kabla haujafika sahanini.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kiporo na makombo. Kwa nini kimoja huwekwa na kingine hakiwekwi?
2. Nyumba ya watu wanane ina nusu kilo ya nyama isiyo na mifupa. Ikigawanywa mafungu mawili, kila mtu atapata gramu ngapi kwa mlo mmoja?
3. Mchuzi uliepuliwa saa 7 mchana ukaachwa mezani. Saa 11 jioni unanukia vizuri. Je, utauchemsha na kuula? Toa sababu mbili.
4. Kwa nini chombo kipana kinafaa kuliko chungu kirefu katika kupoza mchuzi?
5. Wakati wa likizo andika kwa siku saba kilichobaki jikoni kwenu kila jioni, na kilichofanyiwa. Leteni daftari hizo siku ya kwanza ya muhula ujao. Tutazisoma darasani bila kutaja nyumba ya mtu.