"Imefunguliwa" Si Jibu: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla Hujatoa Hela

Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, neno "imefunguliwa" linauza simu nyingi kuliko kamera. Muuzaji analisema huku anafuta kioo kwa pindo la shati, mnunuzi anatikisa kichwa, noti zinahesabiwa. Hakuna aliyeuliza kilichofunguliwa ni nini. Mimi pia sikuuliza, na nitaeleza yaliyonikuta. Kwa hiyo usitegemee lugha laini hapa.

USINUNUE NENO. Uliza ni kufuli gani limefunguliwa, maana simu moja inaweza kuwa na makufuli manne na kila moja ufunguo wake uko kwa mtu tofauti.

La kwanza ni la mtandao, na ndilo watu wengi wanalolikusudia. Ndani ya kila laini kuna namba inayotambulisha nchi na kampuni. Ya Vodacom Tanzania huanza na 640-04, ya Airtel Tanzania 640-05, ya Safaricom 639-02. Simu iliyouzwa na AT&T ya Marekani inaweza kuwa imeagizwa ikubali laini za AT&T peke yake, mfano zinazoanza na 310-410. Ukiipa ya Airtel inakukatalia. Si mbovu, inatii ilivyoagizwa.

La pili ni la akaunti: iCloud au Google ya aliyekuwa akiitumia. La tatu ni la mkopo, ufunguo wake anao mkopeshaji. La nne ni orodha ya simu zilizoripotiwa kuibwa au kudaiwa, ambazo mitandao inazizuia kwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Fundi aliyefungua la kwanza hajagusa la pili. Anayekwambia "nafungua yote, kaka, niachie nusu saa tu," chukua simu yako uondoke.

WEKA LAINI YAKO MWENYEWE, KABLA YA KULIPA. Si laini ya muuzaji. Ingiza yako, subiri jina la mtandao litokee juu ya kioo, piga simu, mwambie mtu akupigie, zima waifai ufungue intaneti kwa bando lako. Ukiwa na laini ya pili, rudia. Kwenye iPhone nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute mstari wa kufuli la mtandao: lazima usome "No SIM restrictions". Maneno mengine yoyote pale, rudisha simu kwenye kabati lake la kioo. Muuzaji akinuna, anune. Hela bado ziko mfukoni mwako na hapo ndipo una sauti.

USIKUBALI CHIPU. Hapa ndipo nilipoliwa.

Binamu yangu aliyeko Dallas alinitumia iPhone kwenye begi la mama mmoja aliyekuwa anakuja msibani. Nikaweka laini, ikaniambia haikubaliki. Nikaipeleka kwa fundi. Akatoa kwenye kiberiti kitu chembamba kama ganda la kitunguu, chenye vidoti vya dhahabu, akakilaza juu ya laini yangu kwa ncha ya koleo, akavisukuma vyote viwili ndani ya simu. Jina la mtandao likaja. Nikamlipa na kumshukuru juu.

Ile chipu haifungui chochote. Inakaa katikati ya laini na simu na kuidanganya simu kwamba laini iliyomo ni ya kampuni yake ya Marekani. Uongo wenyewe unashika mpaka Apple watoe toleo jipya la programu litakalouziba. Wiki ya tatu, usiku, simu ikaniuliza kama niisasishe, nikabonyeza ndiyo huku macho yamejaa usingizi. Asubuhi hakuna mtandao. Fundi akaniambia alinionya nisisasishe. Hakunionya.

Ikiwa umeshainunua, chomoa kisahani cha laini ukiangalie. Kikiwa na tabaka mbili badala ya moja, unajua ulichouziwa.

USIBAHATISHE NAMBA YA SIRI. Simu nyingi za Android zilizofungwa zitakuomba namba ya siri ya kufungulia mtandao. Namba hiyo hutolewa na kampuni iliyouza simu, kwa IMEI yako. Nafasi za kukosea ni chache na hesabu haianzi upya. Zikiisha, hata namba sahihi haisaidii.

BONYEZA *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI. Zilinganishe na za kwenye boksi na za kwenye mipangilio. Zikitofautiana hata kwa moja, hiyo simu ina historia usiyoitaka. Tanzania unazituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, Kenya 1555, unajibiwa ni simu ya aina gani. Ukijibiwa ni Nokia na mkononi una Samsung, usiombe punguzo. Waliokuwepo wanakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia: watu walilala wanachati wakaamka na vioo vya kujitazamia.

USINUNUE SIMU YA MKOPO MKONONI MWA MTU. Hizi za kulipa kidogo kidogo zina programu inayozifunga mwenye deni akichelewesha. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom, ulioanza 2020, unafanya kazi hivyo. Anakuuzia leo ikiwa inawaka, wiki ijayo kioo kinakuandikia deni lisilo lako. Kuiflashi si jibu, na kumbuka kwamba mpaka deni liishe, mali si ya aliyekuuzia.

MWAMBIE NDUGU WA UGHAIBUNI AOMBE IFUNGULIWE HUKOHUKO. Kabla haijaingia begini. Kampuni nyingi za simu za Marekani humuuzia mteja simu kwa malipo ya mwezi mwezi na kuishika kwa kufuli mpaka hesabu iishe. AT&T, kwa mfano, wanataka iwe imelipwa yote, imetumika kwao siku 60, na haijaripotiwa kuibwa. Ikishatimiza hayo wanaifungua bure. Kumbe kinachohitajika ni ombi tu, lakini anayeliomba kwa urahisi ni mwenye akaunti, si wewe uliyeko Mbagala.

Na sheria iko upande wake. Januari 2013 kujifungulia simu mpya bila ruhusa ya kampuni kulikuwa kosa Marekani. Watu zaidi ya 100,000 wakasaini malalamiko kwa Ikulu yao, na tarehe 1 Agosti 2014 Obama akasaini sheria ya kuruhusu. Kanada walikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Desemba 2017 simu mpya lazima ziuzwe zikiwa wazi. Uingereza wakapiga marufuku kuuza zilizofungwa kuanzia tarehe 17 Desemba 2021. Ukiambiwa simu mpya ya London ya mwaka jana "imefungwa mtandao", uliza vizuri. Huenda kufuli ni lile la pili au la nne.

(Watapeli wa kufungua simu hupenda kumtaja George Hotz, kijana wa miaka 17 wa New Jersey aliyeifungua iPhone ya kwanza Agosti 2007, akabadilisha moja aliyoifungua kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone nyingine tatu. Hotz alifungua mwili wa simu na kushika chuma cha kulehemu. Fundi wako ana kiberiti cha chipu.)

SOMA STIKA YA BOKSI LA SAMSUNG. Tangu 2013 Samsung wamekuwa wakibandika onyo kwenye maboksi ya baadhi ya simu kwamba ianzishwe kwa laini ya eneo ilikouzwa. Ndugu akikununulia Muscat au Dubai, aifungue hukohuko, aweke laini ya huko, aongee jumla ya dakika 5. Baada ya hapo inakubali popote. Watu wamewahi kumlipa fundi kwa kufuli ambalo lingefunguliwa na salamu ya dakika tano.

USISAHAU TUNDU LA LAINI. iPhone 14 na zilizoifuata, zile zilizouzwa Marekani, hazina mahali pa kuchomeka laini kabisa. Ni laini ya ndani ya simu tu. Inaweza kuwa imefunguliwa kihalali na bado isikufae, ikiwa mtandao wako au kijiji chenu hakijafikiwa na laini za aina hiyo. Anayeishi kwa laini mbili za kuchomeka, moja ya bando na moja ya pesa, atafute zilizouzwa China bara au Hong Kong: modeli nyingi za iPhone za huko zina nafasi mbili.

NUNUA ILIYO WAZI, LAKINI JUA KWA NINI. Kwa mtu wa Dar, Mombasa au Bujumbura sioni mjadala: tunalipa kabla, tunahama mtandao kwa bei ya bando, tunavuka mpaka na kubadilisha laini stendi. Simu iliyofungwa inakunyang'anya yote hayo. Aliyeko Minneapolis, haendi popote, na kampuni imempa simu kwa kianzio kidogo, achukue tu hiyo iliyofungwa, amalize deni, aombe ifunguliwe. Ila kama anakuja nyumbani kila Desemba, alipe zaidi mwanzoni.

USIITUPE ILIYOGOMA. Ile ya Dallas ninayo bado. Nilimwomba binamu aende kwenye kampuni yake, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba aliacha kulipa tangu mwezi wa pili. Watoto wanaangalizia katuni kwa waifai ya jirani.