Mjomba anataka majibu matatu: mpe kwa karatasi

Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, nyumbani ni Ndanda, wilaya ya Masasi. Nipo mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma historia na akiolojia. Kabla hatujafunga chuo, idara yetu ilibandika tangazo la nafasi za kubadilishana wanafunzi: muhula mmoja katika chuo kimoja cha Ujerumani, chini ya mpango wa Erasmus+. Mwalimu wangu ameniambia alama zangu zinatosha, niombe.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama analima korosho, shamba letu liko juu mlimani, njia ya Newala. Kwetu mwenye kauli ni mjomba, yeye ndiye aliyenilipia ada tangu sekondari. Nilipomweleza, aliniuliza mambo matatu tu: nani anakupeleka, utakula nini huko, na utarudi lini? Nilibabaika. Akasema kama hata mimi mwenyewe sijui, basi safari haipo.

Kuna kijana pale Masasi mjini anasema yeye ni wakala. Anataka shilingi milioni moja na nusu kabla ya mwisho wa mwezi ili jina langu lipite. Mama kwa kunihurumia amepata mtu wa kangomba, anataka kumuuzia korosho zikiwa bado ni maua mtini. Naona uchungu, lakini sijui njia nyingine.

Tena sina pasipoti, na jina la tatu kwenye cheti cha kuzaliwa si lile la cheti cha kidato cha nne. Naogopa pia kupitwa na wenzangu mwaka mzima, na sijui mkopo wangu wa Bodi utakuwaje. Zimebaki wiki tano. Niache, au nimfiche mjomba niombe kimyakimya?

Binti wa Ndanda

*

Mwanangu,

Omba nafasi hiyo. Wakala usimpe hata senti, mama asiuze maua ya mkorosho, na mjomba usimfiche. Maswali aliyokuuliza ni yale yale utakayoulizwa dirishani ubalozini siku ya viza: nani anakupeleka, utaishi kwa pesa gani, utarudi lini. Mzee huyo amekupa mtihani wa majaribio bure. Ukimjibu yeye kwa karatasi, utakuwa umeshaandaa zaidi ya nusu ya maombi yako.

Nani anakupeleka?

Jibu ni chuo chako. Mwanafunzi wa kubadilishana hahami chuo. Unabaki mwanafunzi wa Dar es Salaam, umesajiliwa huko, na chuo chako kinakutuma kwa sababu kina mkataba na chuo cha Ujerumani. Chini ya Erasmus+, chuo kinachokupokea hakikutozi ada ya masomo. Kinaweza kukudai michango midogo ambayo wanafunzi wote wa pale hulipa, kama ya bima au ya usafiri wa mjini, na hiyo uiulize mapema.

Wanaochagua majina ni vyuo vyenyewe. Wanatazama alama zako, barua yako ya maombi na maneno ya walimu wako. Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba kijana wa Masasi mjini hana mlango wowote wa kukufungulia. Mtu anayeuza nafasi isiyouzwa ni tapeli, hata akija na mihuri na picha za watu aliowapeleka. Usimpe pesa, na vyeti vyako halisi visiguse mkono wake. Na ikitokea mtu yeyote, awe wa nje au wa ndani ya chuo, akikudai pesa au mwili wako ili jina lipite, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono waziwazi. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Kwa hiyo ukirudi chuoni, hatua ya kwanza ni kwenda kwa mratibu aliyetajwa kwenye tangazo, kisha ofisi ya chuo inayoshughulikia mambo ya kimataifa. Omba barua inayosema wewe ni mwanafunzi wao na kwamba programu hii ni yao. Barua hiyo mpelekee mjomba.

Utakula nini?

Erasmus+ humpa mwanafunzi anayekwenda Ulaya ruzuku ya kujikimu. Katika awamu hii ya mpango imekuwa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi, pamoja na mchango wa nauli kulingana na umbali. Mjomba mwambie ukweli: ni pesa ya chumba, chakula na bima. Mwanafunzi anayepanga hosteli ya chuo na kujipikia anaishi nayo vizuri, lakini si pesa ya kujengea nyumba Ndanda, na asitokee ndugu akaihesabia bati.

Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe anazo pesa za kujikimu. Kwa miaka ya karibuni kiwango kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 30. Usishtuke. Mwenye ruzuku huonyesha barua ya ruzuku, nayo lazima itaje kiasi na miezi. Soma masharti ya ubalozi wao wa Dar es Salaam mapema, na kama ruzuku inapungua kidogo kuliko wanachotaka, waandikie waratibu wa pande zote mbili kabla hujaomba viza.

Pale panapowakwamisha wengi ni mwanzoni. Ruzuku mara nyingi huingia baada ya mwanafunzi kufika, na gharama za pasipoti, picha, nyaraka na nauli ya basi hadi Dar zinakuja kabla. Andika barua pepe yenye maswali mawili: nani hununua tiketi ya ndege, na fungu la kwanza hulipwa lini? Jibu lao lihifadhi. Pesa ya kuanzia, kama shilingi laki kadhaa, ndiyo ukoo unaweza kuchangia, na hapo ndipo mjomba anapopata nafasi ya kusaidia kitu anachokielewa.

Sasa korosho. Mama anajua kuliko mimi jinsi kangomba inavyomla mkulima: mnunuzi anatoa pesa wakati wa shida, kwa bei ya kutupa, kisha Oktoba anakuja kubeba gunia ambalo mnadani lingelipa mara kadhaa zaidi. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007 ili korosho zipite chama cha msingi, ziingie ghalani, ziuzwe kwa mnada. Huko Masasi zinapitia chama kikuu cha ushirika cha MAMCU, Newala na Tandahimba zinapitia kile cha TANECU. Mama akiuza maua leo, msimu ukifika atakosa pesa ya kuhudumia shamba mwaka unaofuata, na pesa yenyewe itakuwa imeishia kwa tapeli. Mkanye kwa upendo, lakini mkanye wiki hii.

Utarudi lini?

Hili ndilo swali lililo moyoni mwa mjomba. Watu wa mlima wa Makonde na bonde la Lukuledi wanajua habari za vijana waliokwenda mbali wakanyamaza. Mpe tarehe. Muhula wa baridi Ujerumani huanza Oktoba na masomo huisha Februari. Ule wa kiangazi huanza Aprili na masomo huisha Julai. Tangazo lenu litasema ni upi. Andika tarehe ya kwenda na ya kurudi kwenye karatasi, pamoja na majina na namba za simu za waratibu wote wawili, umwachie.

Kurudi kwenyewe kuna sehemu ya pili ambayo vijana huisahau: kurudi na masomo yanayohesabika. Kabla ya kuondoka kuna hati ya makubaliano ya masomo. Inaorodhesha kozi utakazosoma kule na kozi za hapa zitakazofidiwa, na inasainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Mzigo kamili wa muhula mmoja Ulaya ni krediti 30 za mfumo wao. Kaa na mkuu wa idara, weka mezani kozi zako za lazima, uone ipi itakosekana na utaifanya lini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kozi zisizoandikwa mapema hupotea vivyo hivyo. Ukiwa na hati hiyo, hofu ya kuachwa mwaka mzima nyuma utakuwa umeipunguza sana. Ukiondoka bila hiyo, hofu yako ni ya haki.

Kuhusu mkopo, nenda kwa afisa mikopo wa chuo ukiwa na barua ya programu, uulize kwa maandishi: nikiwa nje muhula huo, ada yangu itakwendaje, na bumu, yaani pesa ya kujikimu, nitalisaini vipi? Usiridhike na jibu la mdomo la mwanafunzi mwenzako. Bodi ya Mikopo hufuata kumbukumbu, nawe uwe na yako.

Jina na pasipoti

Hapa wiki tano ni chache, kwa hiyo anza kesho. Uhamiaji watataka namba yako ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi, na majina yatasomwa herufi kwa herufi. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Panga vyeti vyako vyote mezani, uone jina lipi limetumika mara nyingi, hasa kwenye NIDA na kwenye usajili wa chuo. Kisha nenda ofisi ya Uhamiaji uwaulize watakubali nini: mara nyingi wakili huandika hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, RITA ndio wa kulirekebisha. Muulize mratibu pia kama maombi yanaweza kupokelewa pasipoti ikiwa njiani, ila kwa viza haina mbadala.

Barua yako ya maombi

Wengi huandika kwamba wanataka kupanua mawazo na kujifunza tamaduni. Barua hizo zinafanana, na wasomaji wake wamechoka nazo. Wewe una jambo la kusema ambalo wa Berlin hana. Mwaka 1906 mtafiti Karl Weule alitoka Leipzig akapita Masasi na Newala, akakusanya vifaa vya watu wa huko na kurekodi nyimbo zao kwa mashine ya silinda za nta. Vitu alivyobeba viliingia katika makumbusho ya Leipzig. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na leo mjusi yule mkubwa amesimama katika makumbusho ya Berlin. Wewe ni mwanafunzi wa akiolojia kutoka nchi hiyo hiyo. Andika unachotaka kukiona kule, unachotaka kuuliza, kozi gani itakusaidia kuuliza vizuri, na utakachokifanya nacho ukirudi. Ukurasa mmoja unatosha. Mpe mwalimu wako ausome kabla ya kuutuma.

Kikao na mjomba

Anza na mama, kisha mwende wote wawili. Usimfiche mzee aliyekulipia ada. Siri ikivuja katikati ya maombi utakosa baraka na utakosa mtu wa kukusimamia. Msomee barua ya chuo kwa Kiswahili. Hofu yake kwa mtoto wa kike aliye peke yake ugenini si ujinga, mjibu kwa heshima: utalala hosteli ya chuo, utakuwa na bima ya afya, kuna mratibu wa kumpigia, nawe utapiga simu kila wiki siku mliyokubaliana. Mkumbushe pia kwamba safari hii si ngeni Ndanda. Wabenediktini walianzisha misheni hapo mwaka 1906 wakitoka Ujerumani, na hospitali yao inawatibu watu hadi leo. Marehemu Mzee Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso huko huko Masasi, alisoma Makerere, kisha akaenda Columbia University kule New York. Alirudi, akaongoza nchi miaka 10, na amezikwa Lupaso.

Mjomba akishaona karatasi zote akakataa bado, omba mtu anayemheshimu, kama mwalimu wako wa zamani au kiongozi wake wa dini, akae nanyi. Lakini maombi yako yawe yameshatumwa kwa siku yake, kwa kumwarifu. Kuomba si kusafiri, na kikao kinaweza kuendelea huku jina lako likisubiri majibu.

Nafasi hizi ni chache kuliko waombaji. Ukikosa, pasipoti utakuwa nayo, jina lako litakuwa limenyooka na barua itakuwa tayari kwa tangazo lijalo. Wazazi na wajomba mnaosoma safu hii, mtoto akija na habari kama hizi msimjibu hapana kabla hajaleta karatasi. Mpeni wiki mbili azilete, kisha mkae naye mzisome.