SOMO: KANISA LA MAWE TULILORITHI – TULISOME KABLA YA KULIBOMOA



Katika vikao vya wazee wa kanisa hoja hii si ngeni: "Kanisa la zamani limekuwa dogo, tena lina nyufa. Tulibomoe tujenge la kisasa." Hatuibezi hoja hiyo, kwa maana washarika wameongezeka na mvua haisubiri. Lakini ukuta ukishabomolewa haurudi. Shabaha ya somo hili ni kusaidia sharika zenye majengo ya zamani zifanye uamuzi zikijua zilicho nacho.

Jengo lilitoka wapi?

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Upareni walifungua kituo cha Shigatini mwaka 1900, kisha Gonja mwaka 1902, Wudee mwaka 1904 na Mbaga mwaka 1908. Reli ya kutoka Tanga ilifika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo vituo vyote vinne vilifunguliwa kabla garimoshi halijapita Same. Kilichotoka mbali, kama bati, kioo au kengele, ilibidi kipandishwe mlimani kwa nguvu za watu. Mawe, udongo na mbao vilitafutwa karibu. Wapare nao hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Walikuwa na ndiva za kuhifadhi maji na mifereji ya kuyafikisha shambani, na desturi ya msaragambo iliyowatoa watu wote kazini kwa pamoja.

Umbo la kanisa, hata hivyo, lilikuwa na asili nyingine. Huko Ujerumani makanisa mengi ya vijijini yalijengwa kati ya karne ya 12 na ya 15, yaani kabla ya Martin Luther kuanza Matengenezo mwaka 1517. Yalikuwa na kuta nene za mawe, madirisha madogo, mnara wa kengele, na madhabahu upande wa mashariki, jua linakochomoza, kama ishara ya ufufuo. Matengenezo yalipofika, Walutheri hawakuyabomoa. Mjini Leipzig yalifika mwaka 1539, na Luther mwenyewe alihubiri siku ya Pentekoste katika kanisa la Mtakatifu Thomas, jengo ambalo lilikuwepo tayari. Kanisa la kwanza kujengwa upya kwa ajili ya ibada ya Kilutheri, lile la ngome ya Torgau, liliwekwa wakfu mwaka 1544 tu.

Katika makanisa ya kale walibadilisha mambo ya ndani. Mimbari iliwekwa mahali ambapo Neno litasikika na wote, na mabenchi yakaongezwa ili watu wakae wasikilize. Watu walipozidi, mahali pengi walijenga roshani za mbao ndani ya kuta zilezile. Hapo tunajifunza kwamba jengo la zamani linaweza kupokea mahitaji mapya bila kuangushwa.

Jinsi ya kulisoma jengo

Ingieni kanisani siku isiyo ya ibada, mkiwa na wazee na vijana. Angalieni madhabahu inaelekea wapi, birika la ubatizo liko mlangoni au mbele, na mimbari iko upande gani. Pimeni unene wa ukuta. Tazameni kama kuna sehemu iliyoongezwa baadaye: mawe hubadilika, na mstari wa kiungo huonekana. Waulizeni wazee nani waliongeza, na kwa nini.

Msishangae mkikuta kazi ya watu wengi. Wamisionari wa Leipzig waliondolewa nchini mwaka 1920 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wenzao wa Augustana kutoka Marekani walifika mwaka 1922. Katikati ya hapo walimu na wazee wenyeji ndio waliobeba sharika. Kanisa hilo si mali ya Wajerumani waliyotuachia. Ni jasho la babu na bibi zetu.

Jinsi ya kulitunza

1. Anzeni juu. Bati lililotoboka na mfereji wa paa ulioziba huharibu ukuta kuliko umri wake.

2. Ondoeni maji chini. Udongo uliopanda juu ya msingi uondolewe, na mtaro uchimbwe kuyapeleka maji mbali na ukuta.

3. Pimeni ufa. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na mwandike tarehe. Masika yakiisha, pimeni tena. Ufa usioendelea unaweza kuzibwa. Unaoendelea unahitaji mhandisi.

4. Msikimbilie saruji. Nchini mwetu saruji ilianza kutengenezwa mwaka 1966 huko Wazo Hill; kabla ya hapo iliagizwa kutoka nje. Kwa sababu hiyo kuta nyingi za zamani ziliunganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, plasta hubanduka, na mawe huanza kulika. Kwa ukuta wa chokaa tumieni chokaa sehemu moja kwa mchanga safi sehemu tatu, na mfunike kazi kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa isikauke haraka. Fundi akinge macho na mikono, kwa kuwa chokaa huunguza.

5. Wekeni kumbukumbu. Pigeni picha kila upande, andikeni vipimo, na hifadhini vitabu vya ubatizo mahali pakavu.

Nani atalilinda?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa yetu ni ya baadaye, hivyo hayalindwi mpaka Serikali itangaze hivyo. Mlinzi wa kwanza ni usharika wenyewe.

Kuhusu fedha, someni 2 Wafalme 12. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yehoashi makuhani walikuwa hawajatengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana, ingawa fedha zilikuwa zikitolewa. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku na kuliweka karibu na madhabahu. Fedha zikahesabiwa na kutumika kuwalipa maseremala na waashi. Sanduku dogo la matengenezo linalofunguliwa mbele ya mashahidi linaweza kuokoa kanisa ambalo harambee kubwa imelishindwa.

Ikiwa baada ya hayo yote nafasi bado haitoshi, fikirieni ibada mbili, au kurefusha jengo, au kujenga jipya kando na la zamani libaki la watoto na vijana.

Maswali ya majadiliano

1. Ni nani katika usharika wetu bado anakumbuka habari za ujenzi wa kanisa? Tutamhoji lini?
2. Maji ya mvua ya paa letu yanakwenda wapi?
3. Katika Yoshua 4 mawe 12 ya Yordani yaliwekwa ili watoto waulize maana yake. Watoto wetu wakiuliza kuhusu mawe ya kanisa letu, tutawajibu nini?

Mungu awabariki mnapoitunza nyumba yake.