Somo la mekaniki: Kunyoosha mapine ya mbele ya trakta ya zamani



Kama kooperative yenu iko na trakta ya zamani, kama vile Massey Ferguson 135 ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1964, somo hili ni lenu. Pine ya mbele ikiisha upesi, watu wanasema: "Tumeuziwa pine mubaya." Lakini mara nyingi pine haina kosa. Mapine mawili hayatazami njia moja, na kila siku ya kulima inakula feza ya kooperative.

Juu ya nini mapine yafungane kidogo?

Mapine ya mbele yanapaswa kwenda karibu sambamba. Tunasema "karibu" kwa sababu nafasi kati yao upande wa mbele inapaswa kuwa ndogo kuliko upande wa nyuma, kwa milimetre chache tu. Wakati trakta inatembea, udongo unasukuma mapine nyuma na viungo vya direksio vinalegea kidogo. Mapine yanataka kufunguka. Zile milimetre chache zinayarudisha kwenye njia. Mafundi wanaita kazi hii paralelisme.

Tufanye hesabu. Pine ya 6.00-16 iko na urefu wa sentimetre 73 hivi, kutoka chini mpaka juu. Kama tofauti kati ya mbele na nyuma ni milimetre 30, kila pine inakokotwa kando metre 20 kwa kila kilometre 1. Kulima hektari 1 na sharu yenye upana wa sentimetre 80 ni safari ya kilometre 12 na nusu. Basi kwa hektari moja, pine imesuguliwa kando karibu metre 250. Hata pine mupya haiwezi kuvumilia hiyo.

Angalia alama hizi:
- Pine zimeisha upande wa nje: zimefungana sana mbele.
- Pine zimeisha upande wa ndani: zimefunguka mbele.
- Volani inatetemeka, ao trakta inavuta upande mumoja: viungo vinaweza kuwa vimelegea.

Kwanza, chunguza viungo

Usiguse bara ya direksio kabla ya kuchunguza. Kupima mapine yaliyolegea ni kazi bure, maana kesho hesabu itakuwa ingine.

1. Peleka trakta mahali pa sawa na pagumu. Shusha sharu chini, zima motere, funga freni, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya mapine ya nyuma.
2. Inua mbele na kriki, kisha weka magogo mazito chini ya esie. Mutu asiingie chini ya trakta inayoshikwa na kriki peke yake.
3. Shika pine kushoto na kuume, uitikise. Mwenzako aangalie rotili za bara. Rotili inayocheza inapaswa kubadilishwa.
4. Shika pine juu na chini, uitikise. Ikicheza, rulema ao ekseli ya kugeuzia pine imelegea ao imeisha.
5. Angalia kama bara imepindika.

Bara iliyopindika ao kuvunjika, musiipeleke kwa kusudea. Bara ya kusudea inaweza kukatika njiani, remorki ikiwa imejaa mahindi na watu. Hapo hakuna volani tena. Ni heri trakta ilale juma moja ikingoja bara mupya.

Sasa, pima

Hakikisha mapine mawili yako na upepo sawasawa. Endesha trakta mbele polepole metre 5 hivi, volani ikiwa katikati, usimame. Usirudi nyuma, maana viungo vitalegea upande mwingine.

Chukua chaki. Upande wa mbele wa kila pine, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, piga alama kwenye mustari wa katikati ya pine. Pima nafasi kati ya alama hizo mbili. Andika hesabu: hii ni A.

Kisha sukuma trakta mbele mpaka alama zile zile zifike upande wa nyuma, kwa urefu ule ule. Pima tena: hii ni B. Tunatumia alama zile zile ili janti iliyopindika isitudanganye.

B kutoa A ndiyo jibu. Mufano: A ni milimetre 1.312 na B ni 1.316. Mapine yamefungana milimetre 4, ni vizuri. Kama A ni 1.330 na B ni 1.312, mapine yamefunguka milimetre 18, inafaa kurekebisha.

Fuata hesabu ya kitabu cha trakta yenu. Kama kitabu kimepotea, tafuta milimetre 3 mpaka 5.

Hamuna metere ndefu? Chukua fimbo mbili zilizonyooka, uzishikanishe na kamba ya mupira, uzivute mpaka ncha ziguse alama. Piga mustari mahali fimbo zinapokutana. Rudia nyuma na ulinganishe mistari miwili.

Rekebisha

Legeza ekru za kufunga bara. Kama bara moja inaunganisha mapine mawili nyuma ya esie, kuirefusha kunafunga mapine mbele, kuifupisha kunayafungua. Kama bara iko mbele ya esie, ni kinyume.

Massey Ferguson 135 iko na bara mbili, moja kila upande, zinazotoka kwenye boksi ya direksio. Weka volani katikati, kisha geuza bara mbili kipimo sawa. Ukigeuza moja tu, trakta itakwenda sawa lakini volani itakaa kombo.

Geuza nusu mara, funga kidogo, sukuma trakta mbele, upime tena. Usiwe na haraka. Jibu likikuwa zuri, kaza ekru zote, rudisha gupi, tia grese. Mwisho, geuza volani mpaka mwisho, kushoto na kuume: pine isiguse kitu.

Ukibadilisha upana

Kwa kupalilia mahindi yenye mistari ya sentimetre 75, wengi wanaweka mapine kwa upana wa sentimetre 150. Kila mara mukipanua ao kupunguza esie, tumieni tundu sawa pande mbili, kisha pimeni tena.

Maswali ya mukutano

1. Ni nani katika kooperative yetu anapima mapine, na anaandika wapi?
2. Mapine yetu ya mbele yameisha upande gani? Inamaanisha nini?
3. Tuko na akiba ya kununua rotili moja leo, ao tutangoja mupaka pine mbili ziishe?

Daftari ya trakta iwe na tarehe, hesabu A, hesabu B, na jina la aliyepima. Dereva akibadilika, daftari inabaki.